Upana Kwanza: Kuchagua Buti la Kazi kwa Mguu Mpana

Anayetoka duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji wadogo wa dhahabu, Lwamgasa au Nyarugusu, kuja sokoni Katoro kununua buti huja na haraka. Pikipiki inamngoja, kuna dagaa na nyanya za kubeba, na jua likizama njia ya vumbi haina taa. Anafika kwenye meza ya viatu, anataja namba, anachomeka mguu mmoja huku amesimama kwa mwingine kama korongo. Buti linambana pembeni. Hapo muuzaji humwambia moja ya kauli mbili ambazo kila aliyewahi kununua kiatu sokoni amezisikia: "Panda namba moja," au "Itaachia tu, bosi." Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya kauli hizo. Ya kwanza inaangusha watu ngazini. Ya pili ina ukweli kwa viatu vya aina fulani, na kwa vingine haina ukweli hata chembe; tofauti hiyo uijue kabla hujatoa pesa.

Wengi wetu tuliokulia ukanda huu tulichunga ng'ombe peku, tukateka maji peku, na miaka ya kwanza ya shule tukaenda hivyo hivyo. Mguu uliokua bila kiatu hupanuka mbele, vidole vikaachana, kila kimoja kikashika chini peke yake. Mwaka 1905 daktari Mmarekani, Phil Hoffmann, alilinganisha miguu ya watu wasiovaa viatu na ya wanaovaa, akaonyesha kwamba mguu usiovaa hubaki na umbo aliloumbwa nalo mtoto, na ule wa kiatu hufuata kiatu. Waliopima baada yake wamekuta vivyo hivyo. Kwa hiyo mguu wako mpana hauna kasoro. Ndio mguu mzima. Tatizo lipo kwenye kalibu, yaani lile umbo la mguu ambalo kiwanda hushonea au kumwagia buti. Kalibu huchongwa kwa kufuata mguu wa wastani wa soko lililokusudiwa, na buti la mtumba lililoshushwa Katoro halikukusudiwa wewe.

Sasa tazama hesabu ya "panda namba moja". Namba za Ulaya, hizi za 41, 42, 43, hupandana kwa theluthi mbili za sentimita. Ukipanda hivyo mara tatu, kutoka 42 hadi 45, umeongeza urefu wa sentimita 2 kamili. Upana wa soli, kwa kila namba, huongezeka milimita 2 hivi au pungufu. Maana yake umenunua sentimita 2 za urefu usiouhitaji ili upate nusu sentimita ya upana unaouhitaji. Zile sentimita 2 hazipotei. Zinakaa mbele ya vidole vyako, tupu, na unashuka nazo shimoni.

Mwaka wangu wa kwanza duarani nilivaa 45 kwa mguu wa 42. Kutembea juu nilitembea vizuri, hata nikasifia buti langu. Kwenye ngazi ya miti ndipo nilipojua. Ncha ya buti iligonga ukuta kabla mguu haujakaa kwenye kipago, nikawa nasimamia vidole, na vidole havikuwepo pale buti lilipokuwa. Siku moja nikipanda na kiroba mgongoni kisigino kilinyanyuka ndani, buti likabaki nyuma, mguu ukaja mbele. Niliteleza vipago vitatu kabla sijaudaka mti kwa kwapa. Mbavu ziliniuma wiki mbili, na aliyekuwa chini yangu angeweza kufa kwa kiroba changu. Sijawahi tena kununua urefu kwa kutafuta upana.

Basi anza kupima nyumbani. Pima jioni baada ya kazi, maana mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na buti lililokutosha saa mbili asubuhi litakutesa saa kumi. Vaa soksi utakazofanyia kazi. Tandaza kipande cha boksi sakafuni, simama juu yake kwa miguu yote miwili, uzito umeugawa sawa, na mtu mwingine akuchoree. Ukijichorea mwenyewe utainama, na ukiinama mguu hubadilika. Kalamu isimame wima kama nguzo. Ikilala ndani mguu utakuwa mwembamba wa uongo, ikilala nje utakuwa mnene. Chora yote miwili, kwa sababu mara nyingi mguu mmoja humzidi mwenzake, na buti hununuliwa kwa ule mkubwa.

Kisha chukua rula. Urefu ni kutoka kisigino hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa wengine si dole gumba bali jirani yake. Upana ni pale papana kabisa, kutoka kifundo cha dole gumba hadi kifundo cha kidole cha mwisho. Mguu wa sentimita 26 au 27 ukifika sentimita 10.5 pale papana, mimi nauita mpana, na mwenye nao asinunue buti bila kulijaribu kwa boksi. Namba yenyewe utaipata hivi: chukua urefu wa mguu, ongeza sentimita moja na nusu, zidisha mara moja na nusu. Mguu wa sentimita 26.5 unakupa 42. Ni makadirio, kwa kuwa viwanda havikubaliani, lakini yatakuonyesha pa kuanzia.

Lile boksi ulilochorea likate kufuata mstari, uwe na nyayo mbili za karatasi ngumu. Hizo ndizo utakazokwenda nazo sokoni, na ndizo utakazompa mtu unayemtuma. Ingiza unyayo wa boksi ndani ya buti na uusukume hadi kisigino kiguse nyuma. Kingo zikikunjika juu pande zote mbili, buti ni jembamba. Liache hata kama namba ni yako. Ukilala bapa na kubaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele, umekaribia. Kama buti lina soli ya ndani inayotoka, itoe, iweke chini, isimamie. Nyama ya mguu ikimwagika nje ya soli hiyo, hakuna maneno ya muuzaji yatakayoirudisha ndani.

Sasa "itaachia tu". Ngozi huachia kweli. Buti la ngozi linalobana kidogo pembeni, fundi viatu anaweza kulilowesha na kulitanua kwa kalibu ya mti, nalo litakubali. Mpira halisi huachia kidogo sana na kurudi ulikotoka. Plastiki ngumu haiachii. Na chuma cha mbele, ile kofia inayofunika vidole, haitaachia leo, kesho wala siku ya kiama. Kidole chako cha mwisho kikigusa ukingo wa chuma dukani, kitaugusa kila hatua hadi kiote sugu, sugu ipasuke, kidonda kiingie maji ya shimoni. Kwa buti lenye chuma, upana wa ndani ya chuma ndio upana wa buti. Ingiza mkono, upapase ndani kwa vidole, utafute ukingo wake wa nyuma uko wapi. Usiishie kupapasa. Ukiwa umelivaa, chuchumaa kama anayeshika moko (patasi ya mwamba) na nyundo, kwa sababu ukichuchumaa buti hujikunja na ukingo ule hushuka juu ya vidole.

Wapo wanaokataa chuma kabisa wakisema jiwe zito litakiinamisha kikate vidole. Nimeyasikia maneno haya kwenye maduara mengi na nayaheshimu kwa kuwa yanatoka kwa watu walioona mengi. Ila fikiri: kofia iliyotengenezwa kwa kiwango cha kimataifa cha viatu vya usalama, ISO 20345, hupimwa kwa pigo la jouli 200, sawa na jiwe la kilo 20 kuangushwa kutoka urefu wa mita 1 hivi, na kwa mgandamizo wa takriban tani moja na nusu. Jiwe linaloweza kuikunja kofia hiyo, mguu usio na kofia lingeusaga. Wengi wetu tunaumizwa na mawe madogo zaidi: kipande kilichodondoka kwenye winchi, kiroba kilichoteleza begani, jiwe la karasha, ile mashine ya kusaga mawe. Hayo chuma huyazuia.

Tafuta maandishi kwenye ulimi wa buti, au kwa buti la mpira, kwenye shingo yake. Namba ya kiwango ikiwa 20345 buti lina kinga ya vidole. Ikiwa 20347 ni buti la kazi lisilo na kinga hiyo, hata kama linaonekana kama mwenzake. Ukiona S3 ni buti la ngozi au kitu kama ngozi, lina kinga ya vidole na ya msumari chini, na soli yenye meno. S5 ni yale yale, ila buti lote ni la mpira au plastiki lisilopitisha maji. S1, S2 na S4 zenyewe hazina kinga ya msumari. Alama inaweza kughushiwa, najua. Lakini buti lisilo na alama yoyote, muuzaji anasema "lina chuma," nawe unabonyeza mbele kwa dole gumba likaingia ndani, jibu umelipata.

Nije kwenye ulaini, ambapo wengi hukosea kwa nia njema. Gambuti laini lililokunjika kama soksi linapendeza dukani. Kwenye mwalo, pale tunapooshea mchanga wa dhahabu, kwa anayesimama matopeni akiosha marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, linafaa: halibani, halichoshi. Kwenye ngazi ni adui. Unaposimama juu ya kipago, uzito wako wote unakaa katikati ya wayo, pale penye upinde. Buti zuri lina ubao au chuma chembamba kilichofichwa katikati ya soli kinachobeba uzito huo. Buti laini halina, kwa hiyo kila kipago kinauzamia mguu wako, na mtu anayepanda mita 40 mara kadhaa kwa siku atalala na maumivu asiyojua yametoka wapi. Kulijaribu ni rahisi. Shika buti kisigino na ncha, ulikunje. Likikunjika mbele, pale vidole vinapoanzia, ni zuri. Likikunjika katikati kama chapati, lipeleke mwaloni au liache. Halafu tazama kisigino cha soli: kiwe na ukingo uliochongoka, wa kuukamata mti wa ngazi. Soli bapa isiyo na ukingo huteleza kwenye mti uliolowa.

Dukani usimame kwa miguu yote miwili umevaa yote mawili. Nenda kwenye kizingiti au ukingo wa mtaro, usimame kwa katikati ya wayo uone kama unauma. Shuka mteremko wowote ulio karibu. Vidole vikigonga mbele, buti ni fupi. Kisigino kikinyanyuka sentimita moja ndani ya buti la mpira, vumilia, halina kamba za kukaza. Kikizidi hapo, malengelenge hayaepukiki, na kwenye matope buti litabaki chini wewe ukiendelea na safari. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Mtumba una hazina na una mtego. Hazina ni mabuti ya ngozi yaliyotengenezwa vizuri ambayo mapya yasingefikika kwa mfuko wa mchimbaji. Mtego uko kwenye soli. Mabuti mengi ya usalama yana soli ya poliyurethani, nyepesi na ya kupendeza, ambayo unyevu na joto huioza kwa miaka hata kama buti halijavaliwa. Kwa nje linang'aa kama la jana. Siku ya tatu kazini soli inameguka kama keki iliyokauka, na ukiwa kilomita kadhaa kutoka barabarani utarudi peku. Kwa hiyo bonyeza soli kwa ukucha, pembeni na chini. Ukucha ukiacha alama isiyorudi, au ukaondoka na unga, weka chini. Ikunje pia, utazame nyufa ndogo kama za udongo wa kiangazi. Soli ya mpira halisi ni nzito zaidi lakini haina tabia hiyo.

Kwa buti la mpira lililotumika, jaza maji, lining'inize dakika chache, utazame mahali panapokunjika. Tundu dogo si mwisho. Mpira halisi hushika kiraka cha fundi pancha, na gundi ile ile anayobandikia tyubu ya pikipiki. Plastiki ya PVC haishiki, kiraka hubanduka siku hiyo hiyo. Ukilivuta buti shingoni likatanuka na kurudi, ni mpira. Likigoma, au linang'aa na kunukia plastiki, ni PVC. Usimwagie mpira halisi dizeli wala oili ya jenereta, huvimba na kulainika. Likimwagikiwa, lioshe kwa sabuni mara moja.

Sasa neno kwa wanawake, ambao soko la mabuti limewasahau. Kwenye mialo na kwenye mawe ya kuponda nimewaona kina mama wamevaa gambuti za waume zao, namba tatu zaidi, zimejazwa vitambaa, au za watoto wa shule zisizoingia. Wengine wana yeboyebo tu, maji yakiwafika magotini. Mimba huweza kurefusha na kubapaza mguu, na mguu huo haurudi daima ulivyokuwa. Mama aliyevaa 38 akiwa msichana ajipime upya, asitegemee namba ya zamani. Na wewe muuzaji wa Katoro, unaposhusha mzigo wa mabuti, leta 37 hadi 40 zenye upana. Wateja wapo. Wamekuwa wakipita mbele ya meza yako muda wote.

Sababu ya kusisitiza kila mtu apate buti linalomtosha ni kwamba maji ya mwaloni si maji matupu. Ukanda huu wa Ziwa una kichocho, na mdudu wake hupenya ngozi nzima, hahitaji jeraha. Palipo na zebaki na tope lake, au kwenye vati za sayanaidi, mguu wazi ni hatari nyingine kabisa. Ukifanya kazi karibu na kemikali, miguu ya suruali ikae nje ya buti, kimiminika kisiteremke ndani. Ukisimama kwenye maji ya kina, ichomeke ndani. Kisha jambo ambalo ningependa kila nyumba ilishike: buti la mwaloni lisivuke mlango. Zebaki hugeuka mvuke hata bila moto, na tone lililojificha kwenye meno ya soli litapumuliwa usiku kucha na mtoto aliyelala kwenye mkeka jirani na buti lako. Lioshe kazini, mbali na maji ya kunywa, lilale nje juu ya mti, na asubuhi ulikung'ute kabla ya kuvaa, kwa ajili ya nge.

Soksi nazo. Pamba hunywa maji na kuyakumbatia. Mguu ukishinda kwenye pamba iliyolowa, ngozi hugeuka nyeupe, hukunjamana, fangasi wakapata makao. Soksi ndefu za mpira wa miguu, zile za nailoni au poliesta zinazouzwa mtumbani kwa bei ndogo, hukauka upesi na hufunika kigimbi shingo ya buti isikichubue. Nenda na pea mbili, badilisha saa ya chakula. Usivae mbili kwa pamoja kujaza buti kubwa. Buti la ngozi likilowa usilikaushe kwenye jiko wala juu ya ekzosi ya pikipiki, ngozi itakakamaa na kupasuka. Jaza magazeti, badilisha yakilowa, weka kivulini.

Mwenye duara anayenisoma nina neno naye pia. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Wapo wanaotimiza kwa kununua fungu zima la namba 43 na kuligawa. Huko ni kugawa ajali. Kukusanya nyayo za boksi za watu 15 ni kazi ya jioni moja. Na buti, hata liwe zuri vipi, haliinui kifusi. Januari 2017, watu 15 waliofukiwa shimoni huko Nyarugusu walitolewa hai baada ya siku kama tatu. Hadithi kama hiyo huamuliwa na matimba, yaani miti inayoshikilia kuta za shimo, na njia ya hewa. Yaweke sawa hayo kwanza, kisha njoo kwenye viatu.

Ukiniuliza mwenye pesa ya pea moja tu achague nini, nitakwambia hivi. Kama kazi yako ni shimo na maji, nunua buti la mpira lenye chuma mbele na chini, la S5, lenye kisigino kilichochongoka, la namba yako halisi, pana kiasi cha unyayo wa boksi kulala bapa ndani. Litakuchosha ukitembea kilomita 10 juani, hilo nakubali. Kama kazi yako ni karasha, kubeba na barabara, nunua la ngozi, la S3, umpitie fundi alitanue kabla ya siku ya kwanza. Ukilikosa la upana wako kwenye meza ya kwanza, nenda ya pili, nenda ya kumi, vuka hadi Buseresere. Na ukiwa shimoni ukamtuma dereva wa bodaboda akuletee buti kutoka Katoro, usimtajie namba. Mpe nyayo zako mbili za boksi, uandike jina lako juu yake.